Msimfukuze Dereva Kabla Hamjamuuliza Muuzaji

Gari jipya haliharibiki, gari jipya huharibiwa. Kauli hii utaikuta kwenye gereji za Tabora mjini, utaikuta stendi, utaikuta kwa wenye magari ya kubeba tumbaku na asali, na hakuna anayeidai ushahidi. Pikapu ya miezi minne ikizima eneo la Tura, kwenye barabara ya Manyoni hadi Tabora, injini ikashika isizunguke tena, hukumu huwahi kufika mjini kabla ya gari lenyewe: dereva kaiua. Alipakia kupita kiasi, alikimbiza, aliiacha ichemke, hakuitazama taa. Kesho yake funguo ziko mkononi mwa mtu mwingine, na mshahara wake wa mwezi umezuiwa ili uchangie matengenezo.

Naipinga kauli hiyo, na siipingi kwa huruma tu, ingawa huruma ninayo. Inamdhulumu dereva, hilo liko wazi. Lisiloonekana upesi ni kwamba inamnyang'anya mwenye gari pia. Mtu anayepita mitaani akisema dereva wake kaua injini amekwisha kumtolea muuzaji ushahidi wa bure. Siku atakapokwenda kudai, atajibiwa kwa maneno yake mwenyewe.

Tuanze na mtambo. Wahandisi wanaochunguza uimara wa mashine wanajua kwamba maisha ya mtambo yana vipindi vitatu. Mwanzoni kasoro ni nyingi, kwa sababu ndipo makosa ya kiwandani yanapojitokeza: boliti isiyokazwa inavyotakiwa, beringi yenye kasoro, paipu iliyobanwa vibaya. Kasoro hizo zikishajitokeza na kutengenezwa, hufuata kipindi kirefu cha utulivu. Mwishoni uchakavu unaingia na matatizo yanapanda tena. Kwa hiyo miezi ya kwanza si miezi salama kuliko yote katika maisha ya gari. Ni miezi ya kulichunguza. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na unyemi huo ndio unaotufanya tusikione kidonda.

Mifano ipo, tena ya watengenezaji wakubwa. Mwaka 2024 Toyota iliitisha kurudishwa kwa kiasi cha magari 102,000 nchini Marekani, Tundra na Lexus LX za miaka ya 2022 na 2023, kwa sababu mabaki ya chuma yaliyotokana na uchongaji yaliachwa ndani ya injini kiwandani. Mabaki hayo yakifika kwenye beringi za krenki, injini hugonga, huishiwa nguvu, na huweza kuzima barabarani. Hiyo ndiyo Toyota, jina ambalo Tabora likitajwa mtu hahitaji kusema zaidi. Je, dereva wa Texas aliyezimikiwa na gari lake naye alipakia magunia ya tumbaku kupita kiasi?

Hapa nyumbani tuna mfano mkubwa zaidi. Ndege mbili za kwanza za Airbus A220-300 za shirika letu la ndege, ATCL, zilipokelewa Desemba 2018 na Januari 2019, zikifika zikiwa mpya kutoka kiwandani. Ilipofika mwishoni mwa 2022, shirika lililazimika kuahirisha baadhi ya safari kwa sababu ndege za aina hiyo zilisimama zikisubiri injini. Injini za Pratt & Whitney zilihitaji matengenezo mapema kuliko ilivyotarajiwa, na mashirika mengine yaliyokuwa na ndege hizo, kama airBaltic ya Latvia, yalipata shida ileile. Hakuna Mtanzania aliyesikika akisema rubani kaziua. Sote tulielewa mara moja kwamba swali linapaswa kwenda kwa mtengenezaji. Kwa nini basi akili hiyo tunayoitumia kwa rubani haitufikii tunapomkuta kijana aliyeketi chini ya mti karibu na reli ya Tura, boneti imefunguliwa, akisubiri gari la kumvuta?

Nadhani jibu ni kwamba rubani hatuwezi kumkata mshahara.

Njia hii ya Tura inapaswa kuwa ya mwisho kusahau somo la kukijaribu kitu kipya kabla ya kukitegemea. Hapa ndipo misafara kutoka pwani ilipoibukia baada ya Mgunda Mkali, pori kame lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita 1857, Stanley 1871. Wenye misafara walikuwa na desturi moja ya busara: kambi ya kwanza iliwekwa karibu kabisa na walikoanzia. Stanley alipotoka Bagamoyo, kambi yake ya kwanza ilikuwa Shamba Gonera, kama maili tatu tu kutoka mjini, na akakaa hapo siku kadhaa akikamilisha maandalizi. Kamba isiyoshika, mzigo uliofungwa vibaya, mpagazi aliyebadili nia: yote yalijulikana wakati bado mtu anaweza kurudi pwani kwa miguu na kurekebisha. Hawakudhani kwamba upya wa safari ni dhamana. Waliuona kuwa ndio wakati wa hatari, wakaipeleka hatari hiyo mahali penye msaada.

Sisi tunafanya kinyume. Gari linachukuliwa Dar es Salaam asubuhi, jioni limeshapakia, keshokutwa liko Itigi likielekea magharibi. Lami imetufanya tujiamini. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, ambacho zamani kilikuwa vumbi na matope, kilizinduliwa rasmi 2022, na sasa mtu anavuka pori lile bila kupunguza mwendo. Lami ni neema. Lakini kasoro iliyokuwa ikijionyesha kwa mtikisiko na mwendo wa taratibu sasa hujitokeza katika mwendo wa kasi, injini ikiwa na moto, mbali na gereji yoyote yenye vifaa.

Kauli ya pili inayokwenda sambamba na ile ya kwanza imeandikwa kwenye risiti nyingi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Watu wameisoma mara nyingi hadi wanaamini ni sheria ya nchi. Siyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyorithi enzi za Mwingereza kwa mfano wa sheria ya Uingereza ya 1893, inaingiza ndani ya mauzo ya mfanyabiashara masharti ambayo hata kama hayakutamkwa yamo: kwamba kitu kiwe na ubora wa kuuzika, na kwamba kifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Baadaye Sheria ya Ushindani ya 2003 ikaongeza ulinzi wa mlaji na kuunda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo mtu anaweza kuipelekea malalamiko. Wapo wauzaji wanaojaribu kuyafuta masharti hayo kwa maandishi madogo mkatabani, ndiyo maana mkataba husomwa kabla ya kutiwa saini, si siku gari limekufa.

Hata hivyo haki hiyo ina mwisho, na mwisho huo huja haraka. Mwaka 1984 Mwingereza mmoja alinunua Nissan mpya. Baada ya wiki tatu hivi, ikiwa imetembea maili 140 tu, sawa na kilomita 225, injini ilishika barabarani. Ilipochunguzwa, tone la gundi ya kuzibia lilikutwa limeingia kwenye njia ya oili tangu kiwandani, likazuia oili kufika kwenye kemshafti. Shauri lake ni Bernstein dhidi ya Pamson Motors. Mahakama ilikubali kwamba gari halikuwa na ubora wa kuuzika. Ikasema pia kwamba muda wa kulikataa gari zima umekwisha pita, kwa hiyo atapata fidia tu. Majaji wa baadaye huko Uingereza waliiona hukumu hiyo ya muda kuwa kali mno, lakini onyo lake linabaki: anayekaa na gari bila kutamka kwamba analikataa anahesabiwa amelikubali.

Katika kipindi hichohicho mahakama ya rufani ya Uingereza, katika shauri la Rogers dhidi ya Parish kuhusu Range Rover, ilisema jambo ambalo kila mnunuzi wa Tabora angepaswa kulijua. Muuzaji alijitetea kwamba gari linatembea, na kwamba kasoro zake zinatengenezeka chini ya waranti. Mahakama ikakataa. Waranti ni nyongeza juu ya haki ya mnunuzi, haiwi kisu cha kuipunguza. Hukumu hizi si sheria yetu moja kwa moja, ila maneno ya sheria yetu yalinakiliwa kutoka sheria ya Uingereza, na mawakili wetu huzitaja.

Sasa rudini Tura na mtazame kinachofanyika hasa. Injini imeshika. Mwenye gari anapigiwa simu, naye, akiwaza marejesho ya mkopo na mzigo ulio juu, anaagiza fundi atoke Tabora na boksi lake la spana. Fundi anafungua hedi palepale kando ya barabara. Anaweza kuwa fundi hodari kabisa. Lakini kwa saa mbili za kazi yake ushahidi umemwagika: oili imetiririka mchangani, beringi zimetolewa bila kupigwa picha, betri imechomolewa, na kumbukumbu za kompyuta ya gari huenda zimefutwa. Kitabu cha waranti kwa kawaida kinakataza mtu asiyeidhinishwa kugusa injini, na kulifanyia gari kazi kubwa kama hiyo kunaweza kuhesabiwa kuwa umelichukua rasmi kama mali yako. Haraka ile iliyokusudiwa kuokoa fedha imempa muuzaji sababu mbili za kukataa.

Kinachotakiwa ni kigumu kwa mtu mwenye deni, lakini hakina utata. Taa nyekundu ya oili au ya joto ikiwaka, zima, usijaribu kulisukuma hadi Nyahua. Piga picha dashibodi ionekane na kilomita zake. Hifadhi sampuli ya oili na ya mafuta katika chupa safi, pamoja na risiti ya kituo ulikojaza. Kisha mwandikie muuzaji siku hiyohiyo, useme gari lipi, lilinunuliwa lini, limetembea kiasi gani, limefanya nini, na kwamba hulikubali katika hali hiyo. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia; Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ushahidi wa namna hiyo. Halafu gari livutwe zima, bila kufunguliwa.

Katika hayo yote shahidi wa kwanza ni nani? Dereva. Yeye peke yake anajua kama taa iliwaka kabla ya mlio au mlio ulitangulia, kama sindano ya joto ilipanda polepole au kwa ghafla, kama nguvu zilipungua tangu Manyoni. Ukimfukuza kwa hasira umemtupa shahidi wako, tena umemfanya awe na sababu ya kukuchukia. Ukimtisha, atakuficha yale ambayo yangekuokoa. Mwenye gari mwenye akili humkalisha chini dereva wake, humpa maji, na kuandika anachosema neno kwa neno.

Ipo hoja ya upande wa pili yenye uzito. Wapo madereva wanaoua magari kweli: wanaopita kilomita za sevisi, wanaotia maji ya mtoni kwenye rejeta, wanaoendelea kukanyaga huku injini ikigonga. Yapo pia mafuta machafu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, isingeanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kama uchakachuaji ungekuwa hadithi. Na magari mengi tunayoyaita mapya yana upya wa namba tu, yalishatembea Japani miaka mingi kabla ya kushuka bandarini Dar es Salaam, na kwa magari hayo haki ya mnunuzi ni nyembamba zaidi. Yote nayakubali. Hayo yote yanathibitika kwa uchunguzi. Injini iliyokauka oili ina alama zake, iliyochemka ina alama zake, na yenye mabaki ya chuma cha kiwandani ina zake. Ninachokataa ni hukumu ya kabla ya uchunguzi, inayomwangukia mtu yuleyule kila mara kwa sababu ndiye asiye na wakili.

Lawama nyingine naielekeza kwa wauzaji. Waranti nyingi za Dar es Salaam zinaahidi matengenezo bure bila kusema wapi. Gari likifia Tura, nani analipa kulivuta mamia ya kilomita hadi kwenye karakana iliyoidhinishwa? Mwenye gari, akijibiwa kwa simu kwamba alilete. Ahadi ya namna hiyo inamfaa mtu wa Masaki, Dar es Salaam, na kumwacha mtu wa Uyui, Tabora, mikono mitupu, ingawa wote wawili wamelipa bei ileile. Vyama vya wakulima wa tumbaku vinaponunua magari vina nguvu ambayo mtu mmoja hana. Vidai, kabla ya kulipa, waranti iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye kifungu cha gharama ya kuvutwa kutoka popote nchini, muda ambao uchunguzi lazima ukamilike, na gari la kutumia wakati wa kusubiri. Na katika mkataba wa dereva kiandikwe kifungu kimoja zaidi: hakuna kukatwa mshahara kwa ajili ya injini hadi ripoti ya uchunguzi itoke, na dereva apewe nakala yake.