NYAPARA SI MENEJA



Wenzetu wa Busia wametuuliza sisi wa reli hapa Malaba: sajini wa polisi mpakani ni wa upande wa wakubwa, au ni mfanyakazi? Polisi hawana chama; Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 3, imewatoa wote, konstebo hata inspekta. Lakini tazameni. Sajini haandiki mtu kazi wala hamfukuzi. Katiba ya 2010 imeipa kazi hiyo Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi. Yeye hupanga zamu, na mvua ikinyesha hulowa pamoja nao.

Nyapara wetu wa njia ni vivyo hivyo. Huita majina asubuhi, kisha hushika sururu. Akifutwa katika chama kwa sababu ya kuitwa msimamizi, kesho akiachishwa kazi nani atamsemea? Tena kifungu cha 54 chataka tuwe wengi wa wanaostahili ndipo mwajiri atutambue. Basi twataka sisi wenyewe tuwepo wanapohesabiwa, tusimwachie mwajiri kalamu.

Makatibu wa matawi, ulizeni kwanza: aweza kuandika na kufukuza? Kama hawezi, pokeeni ada yake.