Unavuta nini? Somo la kikaravani kidogo kwa kijana wa mjini

Kuna jambo linaloendelea kwenye barabara za Uingereza na Marekani ambalo wewe kijana wa Roysambu, Nyali au Kondele unafaa kulitazama kwa makini. Wapo watu waliovuta karavani kubwa miaka nenda miaka rudi, yaani nyumba ya magurudumu yenye choo, bafu, friji na meza ya watu wanne, na sasa wanaziuza. Badala yake wananunua kikaravani kidogo chenye umbo la tone la maji, ambacho ndani hakina kikubwa zaidi ya godoro. Na si lazima mtu awe amefilisika ndipo afanye hivyo. Wengine wamechoka tu kuvuta mzigo.

Kikaravani chenyewe si kitu kipya. Kilianza kuonekana Marekani miaka ya 1930, na majarida ya mafundi wa nyumbani yakawa yanachapisha ramani ili mtu ajiundie mwenyewe uani kwake. Kipimo kilichozoeleka ni futi 4 kwa upana, futi 8 kwa urefu na kimo cha futi 4 hivi. Sababu ni rahisi: bodi moja ya plaiwudi huuzwa ikiwa futi 4 kwa 8, kwa hivyo fundi hakuwa na haja ya kupoteza mbao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alumini iliyobaki kutoka viwanda vya ndege za kivita ilitumika kufunika vigari hivi.

Ndani huwezi kusimama. Unaingia kwa kuinama, unalala, basi. Jikoni iko nyuma, pale ambapo ungetarajia buti: unainua mlango, unakuta meko, sufuria na maji, na unapika ukiwa umesimama nje. Mvua ikinyesha, unapika ukiwa umevaa koti.

Sasa mbona mtu aache choo na bafu lake kwa sababu ya kitu kama hicho?

Anza na hesabu. Karavani ya kawaida ya familia huwa na uzito wa kilo 1,000 hadi 1,500, na nyingine hupita hapo. Kikaravani cha umbo la tone mara nyingi huwa kati ya kilo 300 na 700. Karavani kubwa inakudai ununue gari lenye injini kubwa la kuivuta, na gari hilo utaendelea kulitilia mafuta hata siku ambazo huvuti chochote. Tena karavani ni ndefu kwenda juu kuliko gari, kwa hivyo unapokimbia kwenye barabara kuu unasukuma upepo kama mtu aliyebeba mlango wa nyumba. Kile kidogo hujificha nyuma ya gari, na hata saluni ya kawaida hukivuta bila kulia.

Sisi huku tunajua uchungu wa mafuta. Kila tarehe 14 ya mwezi tunasubiri tangazo la EPRA kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani, na Septemba 2023 petroli ilifika Sh211.64 kwa lita jijini Nairobi. Huhitaji kuhubiriwa kuhusu gharama ya kusogeza chuma kizito.

Lakini mafuta ni sehemu tu ya hadithi. Karavani inataka mahali pa kuwekwa, na mwenye nyumba ya mjini Uingereza asiye na uwanja hulipia maegesho mwaka mzima kwa kitu anachokitumia wiki chache. Inataka bima. Magurudumu yake huzeeka hata yakikaa bila kuzunguka. Ukifika kambini, kabla hujakaa chini una kazi ya kuisawazisha, kushusha miguu, kujaza maji na kufunga hema la pembeni. Ukiondoka, unayafanya yote kinyumenyume, na choo lazima kimwagwe. Kwa ufupi, mali isiyotumika hailali njaa. Inakula mfukoni mwako.

Najua utasema huna karavani na hujawahi kuiota. Sawa. Lakini hebu chunguza unavuta nini. Pengine ni keja ya vyumba viwili uliyochukua kwa ajili ya wageni wanaokuja mara mbili kwa mwaka, huku kila mwezi rent ikikuacha na noti mbili za mia. Pengine ni gari la mkopo linalolala chini ya miti Jumatatu hadi Ijumaa kwa sababu jam ya Thika Road imekushinda na unapanda matatu kama sisi wengine. Pengine ni runinga iliyojaza ukuta mzima, ilhali filamu zako zote unatazamia kwenye simu ukiwa kitandani. Hiyo ndiyo karavani yako, na unaivuta kila mwisho wa mwezi.

Msimamo wetu ni huu: kupunguza si kuanguka. Tatizo letu kama vijana wa mjini ni kwamba tumefundishwa kusoma maisha kwa mwelekeo mmoja. Kutoka single room hadi bedsitter, kutoka bedsitter hadi one bedroom, na akirudi nyuma hatua moja mtaa mzima unanong'ona kwamba mambo yamemwendea mrama. Kwa kuogopa minong'ono hiyo, mtu anakopa kwenye programu tatu za simu ili alipe rent ya nyumba asiyoihitaji. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kushuka kwa miguu yako mwenyewe, ukiwa bado na akiba, ni tofauti kabisa na kutupwa na landilodi vitu vikiwa nje.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kuna watu wanaosifu maisha madogo kana kwamba ni dini, na maneno yao yanakera. Anayeuza karavani yake alikuwa na karavani ya kuuza. Kijana aliyelelewa Mathare, watu sita katika chumba kimoja, hahitaji kuelezwa utamu wa kubanana. Kwake, chumba cha pili ni usingizi, ni mahali pa kusomea, ni heshima ya mama yake. Yeye akitafuta nyumba kubwa, tumpigie makofi. Kuchagua udogo na kubanwa na udogo ni vitu viwili, na mwenye shibe asimfundishe mwenye njaa adabu ya kula.

Na hapa ndipo kikaravani kinapotufundisha jambo ambalo wengi hulipita. Kinakalika kwa sababu nje yake kuna kila kitu. Unakiegesha kambini penye maji, vyoo, bafu, taa na usalama, na mbele yako kuna nyasi za kutosha mtoto kukimbia. Kitanda ni chako, lakini sebule ni ya wote. Ondoa hiyo kambi, na kikaravani kinabaki sanduku la kulalia.

Sasa tazama miji yetu. Tunajengewa bedsitter juu ya bedsitter, ghorofa saba bila uwanja hata wa kuanikia nguo, na watoto wanacheza kwenye ngazi. Anayeishi padogo jijini anahitaji bustani, maktaba, kiwanja na choo safi cha umma kuliko anayeishi Runda. Wangari Maathai alilielewa jambo hili mapema. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, na miaka 10 baadaye akapigwa akitetea msitu wa Karura. Wakati ule wapo waliomwona kama msumbufu. Leo maelfu ya watu wasio na ua nyumbani hutembea Karura wikendi, ingawa langoni bado kuna ada ya kulipa.

Kwa hivyo ukiwa kijana unayeishi padogo, iwe kwa hiari au kwa kulazimika, fuatilia bajeti ya kaunti yako. Uliza pesa za bustani zinaenda wapi. Uliza mbona jiji kubwa kama Nairobi linategemea maktaba chache tu za kaunti, kama vile McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, na zile za Makadara na Kaloleni. Hayo si mambo ya wazee. Hiyo ndiyo sebule yako.

Na kama unafikiria kupunguza, usikurupuke. Kwa mwezi mmoja, andika kila kitu ulichotumia ndani ya nyumba na kila siku gari lilipowashwa. Daftari halina aibu, litakuambia ukweli. Kisha jaribu kabla ya kuuza: anayetaka kikaravani hushauriwa akodishe kwanza alale siku mbili za mvua, na wewe unaweza kufunga chumba kimoja mwezi mzima uone kama utakikumbuka. Ukiamua, uza kwanza, lipa deni, ndipo ununue kile kidogo.

Kama hamu yako ni safari, usisubiri gari. Panda matatu hadi Naivasha, beba hema la kukodi, ingia Hell's Gate ambako unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Utalala chini, utapika nje, na Jumatatu utarudi kazini bila deni la safari.