MASHINE KUUKUU IFUNGULIWE, ISITUPWE

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na sijui kama kuna mahali msemo huu umekaa vizuri kuliko kwenye meza ya runinga. Runinga nyembamba ikishaingia nyumbani, ile yenye kisogo kirefu hupelekwa stoo, na kila kilichounganishwa nayo huitwa takataka. Miongoni mwa vitu hivyo ni mashine za michezo ya video za miaka ya themanini na tisini. Maoni yangu ni kwamba mashine hizo zafaa kufunguliwa, zitiwe mkono wa fundi na ziunganishwe na runinga za leo. Najua wapo watakaonipinga, tena baadhi yao tunakula nao meza moja.

Hebu kwanza tuelewane tatizo liko wapi. Chukua Famicom ya kampuni ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi wa Julai 1983. Picha yake hutoka kama mawimbi ya redio kupitia waya wa eriali, katika stesheni ya kwanza au ya pili ya runinga za Kijapani. Masafa hayo, megahezi 90 hadi 102, kwetu ndiyo ya redio za FM! Basi ukiileta hapa Kenya, hata runinga ya zamani huenda isiipate. Na adapta yake ya umeme ni ya volti 100, ilhali soketi zetu zina volti 240. Ukiichomeka vivi hivi, moshi utauona.

Naisemea Famicom kwa sababu tunayo. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, akainunua hukohuko Japani. Tangu atutoke imekaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Binamu yangu anataka iuzwe kwa bei yoyote. Mama naye hataki iguswe hata skrubu moja, ati ni ukumbusho. Mimi nimesimama katikati, nikipigwa mawe kutoka pande zote mbili.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Ndani ya Famicom mna chipu moja ichorayo picha yote, nukta 256 kwenda upande na 240 kwenda chini. Picha hutoka kwenye mguu mmoja wa chipu hiyo ikiwa safi kiasi, kabla haijageuzwa kuwa mawimbi. Fundi huichukua hapo, akaipitisha kwenye transista moja, rezista mbili tatu na kapasita, kisha akalehemu waya hadi kwenye tundu la manjano. Basi! Fundi mzuri wa redio pale jua kali anaiweza, mradi mkono wake hautetemeki.

Mtauliza, si ununue kale kasanduku ka bei ndogo kanakogeuza waya wa manjano kuwa HDMI, yaishe? Nimekaona kakitumika kwa jirani. Tabu ni kwamba visanduku vingi vya aina hiyo, na runinga nyingi mpya pia, huidhani picha ya mistari 240 kuwa ni nusu ya picha ya mistari 480, kwa hivyo huishona na nusu nyingine ambayo haipo. Unapata ukungu na kuchelewa: wabonyeza sasa, Mario anaruka akiwa tayari shimoni. Kifaa kama RetroTINK-2X huizidisha mistari papo hapo bila kuisubirisha picha. Ila bei yake, jamani, si ya mfuko wa mwanafunzi.

Wapo wanaotaka makubwa zaidi. Kevin Horton alibuni ubao uitwao Hi-Def NES ambao hutoa HDMI kutoka ndani ya mashine yenyewe. Picha yake haina mfano. Lakini ili kuuweka, chipu mbili kubwa lazima zing'olewe kwanza, kila moja ina miguu 40, na joto likizidi njia za shaba hubanduka. Kwa mashine ya mjomba, ng'o! Waya mdogo unaweza kuondolewa kesho mambo yakarudi kama zamani.

Nalipinga pia lile jambo la kuchinja mashine nzima ili kuunda nyingine. Kampuni ya Analogue ya Marekani iliuza mashine ya alumini, Analogue Nt, kwa dola 499, nayo ilitumia chipu halisi zilizochomolewa kwenye Famicom za zamani. Ilipendeza, sikatai. Afadhali toleo lao la 2017, Nt mini, liliachana na chipu hizo.

Kwa wanaosema kuifungua ni kuiharibia heshima, nawauliza: mbona Nintendo wenyewe waliibadilisha? Mwaka wa 1993 walitoa Famicom mpya yenye tundu la picha badala ya mawimbi. Mwaka wa 2003 wakaacha kuiunda, na 2007 wakaacha hata kuitengeneza ikiharibika. Sasa tangu hapo mwenyewe ni nani, kama si mimi na wewe na fundi? Kapasita huzeeka hata zikifunikwa kitambaa cha hariri.

Lakini tusidanganyane. Bunduki ya mchezo wa Duck Hunt wa 1984 haitapiga bata hata mmoja kwenye runinga nyembamba, manake inategemea jinsi miale ya kathodi ichoravyo kioo mstari kwa mstari. Kwa hiyo usiache mbachao kwa msala upitao: hata ile runinga ya kisogo ibakie stoo. Kioo chake kina madini ya risasi, na si kitu cha kuvunjwavunjwa nyuma ya soko.

Mama sasa amelegeza kidogo. Skrubu zifunguliwe, asema, lakini plastiki isitobolewe. Nimemwambia waya utapita palepale ulipopita ule wa eriali. Kilichobaki ni pesa, na binamu ametoa muda hadi likizo ya Agosti. Baada ya hapo, mnunuzi yupo.