Panadol si Peremende

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya kidonge kidogo cheupe ambacho kila mmoja wetu akijua, na ambacho, kwa maoni yangu, ni wachache wakiheshimuo kama ipasavyo. Kidonge hicho ni Panadol, ambayo jina lake la kitabibu ni parasetamoli.

Hapa Makurunge dawa hii haikosekani. Imo dukani karibu na chumvi na kiberiti. Imo katika pindo la khanga za bibi zetu. Imo katika masanduku yetu bwenini. Mtu aliyechoka kwa jembe au kwa kazi ya mashamba ya miwa humeza viwili apate kulala. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani naye humeza viwili asipate kulala! Nimesikia hata watu wakisema kwamba wako wapishi watiao Panadol chunguni ili nyama ngumu iive upesi. Ikiwa ni kweli, basi mla nyama hiyo amekula dawa asiyoijua, kwa kiasi asichokijua.

Sisemi haya kwa kuwacheka wenzangu. Mimi mwenyewe nimo katika makosa hayo, na yanipasa niyakiri kwanza.

Likizo iliyopita mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 4, alishikwa na homa. Mama akanunua dawa ya maji ya parasetamoli, akampa mililita 10 asubuhi, mchana na jioni, kama chupa ilivyoagiza. Mama alipokwenda shamba, bibi alimwona mtoto angali wa moto. Akavunja kidonge cha watu wazima, akasaga nusu yake, akamnywesha kwa maji ya sukari. Akafanya hivyo mara 3 kwa siku. Mimi nami, kwa kuwa mtoto alikuwa na mafua, nikampa kijiko cha dawa ya mafua iliyokuwa kabatini, mara 3 vilevile. Sote tulimpenda mtoto, wala hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Siku ya kwanza na ya pili homa ilishuka ikapanda, ikashuka tena ikapanda. Siku ya tatu mtoto akatapika, akalegea, akakataa hata uji. Tukamchukua mbio hadi zahanati pamoja na dawa zote tulizompa. Tabibu akampima damu, akaona malaria. Kisha akatazama zile chupa, akanipa ile ya mafua, akaniambia, "Wewe mwanafunzi wa sekondari, nisomee hapa."

Nikasoma. Katika kila kijiko mlikuwa na miligramu 120 za parasetamoli. Akanipa kalamu, akasema, "Sasa jumlisha." Dawa ya mama ilikuwa miligramu 720 kwa siku. Nusu vidonge vya bibi vilikuwa 750. Vijiko vyangu vilikuwa 360. Jumla 1,830! Na chupa ya mama ilisema kwamba mtoto wa umri ule asipewe zaidi ya mara 4 kwa siku, yaani miligramu 960. Tulikuwa tumempa karibu mara mbili, na kwa siku 2 mfululizo.

Maandishi yale yalikuwa ya Kiingereza, na nyumbani kwetu msomaji wa Kiingereza ni mimi peke yangu. Aibu niliyoiona siku ile siwezi kuieleza. Mtoto akapelekwa hospitali, akalazwa, akapona, tunashukuru. Lakini wazo lile halikunitoka. Niliporudi shuleni nikamwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, "Kidonge cha kuondoa maumivu chawezaje kuua?"

Akanieleza hivi. Dawa hii ikiisha kufanya kazi yake, ini ndilo lenye kuivunjavunja ili itoke kwa mkojo. Sehemu kubwa hutoka bila madhara. Sehemu ndogo hugeuka sumu, lakini ini limejaliwa mlinzi, kitu kiitwacho glutathioni, ambacho huishika sumu hiyo na kuimaliza. Mtu akinywa kwa kipimo, mlinzi hashindwi. Akizidisha, mlinzi huisha, nayo sumu ikageukia chembe za ini lenyewe na kuziua. Mtu mwenye njaa ya siku nyingi na mnywaji wa pombe wana mlinzi mdogo, kwa hiyo hudhurika upesi zaidi.

Tena jambo hili lina hila. Siku ya kwanza aliyezidisha aweza asione kitu, ila kichefuchefu kidogo au kutapika. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, na macho kuwa ya manjano, huja siku ya pili au ya tatu, ini likiisha kuharibika. Iko dawa ya kuokoa, yaitwa asetilisisteini, nayo hufaa sana ikitolewa ndani ya saa 8. Basi aliyezidisha asingoje kuugua. Na aende hospitali saa ile ile, hata kama ajiona mzima.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Dawa hii ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1878 na Mmarekani aitwaye Harmon Northrop Morse, na kwa jina la Panadol ikaanza kuuzwa Uingereza mwaka 1956. Haikupita ila miaka 10, na mwaka 1966 madaktari wawili wa Uskoti, Davidson na Eastham, wakatangaza habari za wagonjwa waliokufa kwa kuharibika ini baada ya kuizidisha. Mwaka 1998 serikali ya Uingereza ikapunguza idadi ya vidonge viwezavyo kuuzwa katika pakiti moja: 16 katika maduka ya kawaida, na 32 katika maduka ya dawa. Vifo vikapungua. Na huko Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulihesabu wagonjwa 662 ambao ini lao lilishindwa ghafula. 275 kati yao ilikuwa kwa sababu ya dawa hii. Karibu nusu ya hao 275 hawakukusudia kujidhuru hata kidogo. Walikuwa watu kama sisi, wenye maumivu, na wengine wao walikunywa hiki na kile bila kujumlisha.

Labda msomaji atasema, "Basi tuiache kabisa." La, sisemi hivyo. Panadol ni dawa njema. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ikinywewa kwa kipimo haichokonoi tumbo kama aspirini au diklofenaki zifanyavyo. Atakayeitupa Panadol akakimbilia diklofenaki bila kuuliza, ameruka majivu akakanyaga moto. Neno langu ni moja tu: dawa hii ni ya kuhesabiwa. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi hulitumia neno hilo kwa akiba ya fedha, lakini hata sumu hujaza kibaba kwa haba na haba, hasa pale kila mtu wa nyumba anapotia chembe yake bila kuitazama ya mwenzake.

Liko na jambo la pili, nalo ni kubwa kwetu sisi watu wa Pwani. Panadol hushusha homa, haiui malaria. Mdogo wangu alipoteza siku 2 kwa sababu kila homa iliposhuka tulidhani amepona. Mji wetu wa Bagamoyo wajulikana kwa wataalamu wa malaria, maana hapo Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake cha utafiti, na watoto wa Bagamoyo walikuwamo katika majaribio ya chanjo ya malaria yaliyoanza mwaka 2009. Je, si ajabu sisi tulio jirani nao kutibu homa kwa kukisia?

Kwa hiyo naleta mashauri yangu, na mwenye bora kuliko haya na aandike katika gazeti lijalo.

Kwanza, tujue kipimo. Mtu mzima ameze kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, apumzike saa 4 hadi 6 kabla ya kumeza tena, wala asipite vidonge 8 katika saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe na mtu aliyekonda sana wamwulize tabibu kwanza, maana kipimo chao ni kidogo zaidi. Mtoto apewe kwa uzito na umri wake, kwa kikombe kidogo kijacho na chupa, si kwa kijiko cha jikoni wala kwa kuvunja kidonge cha baba.

Pili, tusome kila chupa na kila pakiti. Dawa nyingi za mafua na za maumivu zina parasetamoli ndani yake, na zile zitokazo Marekani huiita asetaminofeni. Majina mawili, dawa moja. Ndugu zangu wanafunzi, kazi hii ni yetu. Kiingereza tunachofundishwa si cha mtihani tu; nyumbani kuna mtu asiyeweza kuisoma ile karatasi.

Tatu, dawa ya nyumba iwe na mtoaji mmoja, naye aandike saa na kiasi. Kipande cha daftari chatosha.

Nne, tuache kununua vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, visivyo na jina wala tarehe. Muuzaji wa Duka la Dawa Muhimu amefundishwa kazi yake. Tumwulize bila haya.

Tano, naomba walimu wetu wakubali kwamba bwenini dawa zote ziwe kwa matroni, tusiazimane kama tunavyoazimana kalamu. Najua wenzangu watanuna. Mimi pia ningenuna mwaka jana.

Mwisho, mwenye homa akapimwe kwanza.

Bibi yangu hakusoma, lakini juzi nilipokwenda nyumbani nilimkuta ana kijiti cha mkaa, amechora mistari ukutani karibu na kabati. Nikamwuliza ni nini. Akajibu, "Mjukuu wangu, kila nikimpa mtoto dawa nachora. Mistari ikifika minne, basi." Ikiwa bibi wa umri ule aweza kuhesabu kwa mkaa, sisi wenye kalamu tuna udhuru gani?

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu