Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu kuhusu wiki ya kwanza darasani

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Nakuru, na ninakuandikia kuhusu rejista.

Februari 2008, shule yetu ilipofunguliwa tena baada ya ghasia za uchaguzi zilizofika kwetu mwisho wa Januari, niliita majina ya darasa la tatu kama nilivyozoea: jina la kwanza, kisha la baba. Kila nilipotamka la pili, vichwa viligeuka. Kwa wiki chache tu, watoto wa miaka minane walikuwa wamejua kwamba jina la baba ndilo linaloamua nyumba ipi ichomwe. Kesho yake niliita la kwanza peke yake. Nilikuwa na akina Mary watatu, basi wakawa Mary wa Dirishani, Mary wa Mlangoni na Mary Mrefu.

Mvulana mmoja alikataa kuvua mkoba mgongoni. Nilimgombeza siku mbili nzima, nikidhani ni ukaidi, kabla ya kung'amua kwamba alikuwa amekaa tayari kukimbia. Siku nyingine mfuniko wa sufuria ya uji ulianguka jikoni, na nusu ya darasa ikajikuta uwanjani.

Ripoti ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini. Watoto wangu walikuwa hai, hivyo hawakuwemo katika hesabu hiyo. Pengine ndiyo maana tulichoharakisha kuwaletea ni mtihani, kwa hoja kwamba muda umepotea. Sitasahau karatasi zile: majina yameandikwa vizuri, chini yake peupe.

Kilichowarudisha polepole hakikugharimu pesa. Uji saa ile ile, mwalimu yule yule, mpira baada ya hesabu. Tulijifunza pia, baada ya kukosea, kutomshurutisha mtoto asimulie aliyoyaona mbele ya wenzake. Mwenye la kusema atakusogelea mwenyewe, akijifanya anachonga penseli.

Walimu nao walikuwa na yao. Mwenzangu mmoja alifundisha kutwa na kulala sakafuni kanisani, kwa sababu nyumba yake haikuwepo tena. Hakuna aliyemuuliza hali.

Mheshimiwa, Agosti 2027 tutapiga kura tena, na kama kawaida nyingi zitapigiwa madarasani. Muhula wa tatu utafuata, mitihani ya kitaifa ikiwa mlangoni. Sibashiri fujo. Ninachoomba ni waraka wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ufike kwa kila mwalimu wa darasa na si kuishia kwa mwalimu mkuu. Useme kwamba palipokuwa na machafuko, wiki ya kwanza haina mtihani. Ueleze dalili: anayeanza kukojoa kitandani, anayeshtukia kila kishindo, anayepigana bila sababu, na yule mtulivu mno ambaye sote hupenda kumsifu. Useme rejista iitwe vipi. Na mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi, maana leo anabeba mzigo sawa na wengine, na ofisi yake mara nyingi ni stoo ya vitabu.

Masanduku ya kura yatafika madarasani kwa wakati, yakiwa na ulinzi. Naomba waraka huo uyatangulie.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Nakuru