Madhara Huanza Wakati wa Kupima



Sisi tunaoishi Mbalizi, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, si wageni wa wapimaji. Kilima cha Panda kilikwisha kutobolewa tangu miaka ya 1950 ili kutafuta madini ya niobi. Labda ndiyo maana wengi wetu husema, "Wanapima tu, bado hawajachimba." Kauli hiyo huenda ikafaa kwenye kilima cha vichaka, msituni haifai hata kidogo.

Wataalamu wa Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania wamekuwa wakitafuta mvuke wa ardhini pande za Ziwa Ngozi, katika safu ya Poroto. Umeme hatuupingi. Lakini jirani ya Poroto ni Mlima Rungwe, makao ya kipunji, kima ambaye Wanyakyusa walikuwa na jina lake kabla wataalamu hawajamwona mwaka 2003. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata kima 1,117 tu, wa Rungwe na Kitulo pamoja na wale wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa. Duniani hakuna wengine wanaojulikana.

Kipunji huishi juu, matawi yanaposhikana. Ukifyeka njia pana ya kupitishia mtambo wa kuchoronga, umemkatia daraja. Akishuka chini atakutana na mbwa na mitego. Na wapimaji wakiondoka, njia hubaki. Huwa ya mpasua mbao, ya mwindaji na ya mchoma mkaa, ambaye mkaa wake tunaununua sisi wenyewe.

Huko Gabon, watafiti walitega vinasa sauti msituni wakati mafuta yakitafutwa kwa baruti. Taarifa yao ya mwaka 2010 yasema tembo hawakuhama, bali walizidi kutembea usiku kadiri shughuli za watu zilivyoongezeka. Mkaguzi wa mchana angeliandika kwamba pori limetulia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari, na wananchi washirikishwe. Basi mkutano wa kijiji ukiitishwa, tusiulizie nafasi za kazi pekee. Tuulize ni nani aliyewahesabu wanyama kabla ya kazi kuanza, mchana na usiku pia. Tuulize upana wa njia. Na siku mtambo utakapoondoka, nani ataifunga njia hiyo, kwa fedha ya nani, na jambo hilo limeandikwa wapi?