DENI LA BABA, MALIPO YA BINTI



Wako wasemao ya kwamba mchezo wa mtu mmoja si mchezo, kwa kuwa hana wa kujibizana naye. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni hadithi ya "Fräulein Else," aliyoitoa Arthur Schnitzler, tabibu na mtunzi wa Vienna, mwaka 1924. Hadithi hiyo imechezwa jukwaani mara nyingi na mwanamke mmoja peke yake.

Else ni binti wa miaka 19, naye ni mgeni katika hoteli ya milimani huko Italia. Baba yake ni wakili aliyekula fedha za watoto alizowekewa amana. Mama aandika barua kusema zisipopatikana gulden 30,000 baba atafungwa. Basi Else na amwombe Dorsday, tajiri mwuza picha, aliye katika hoteli iyo hiyo. Dorsday akubali, lakini kwa sharti la kumtazama binti uchi muda wa robo saa. Kabla Else hajakata shauri, yaja simu ya maandishi: sasa zatakiwa 50,000. Mwisho wake Else ajifunua mbele ya wageni, kisha anywa dawa ya usingizi kupita kiasi.

Karibu kitabu chote ni mawazo ya moyoni mwake. Watu husema naye, wala hakuna amsikiaye. Ndiyo sababu mchezaji mmoja atosha. Wakiwekwa jukwaani baba, mama na Dorsday, watazamaji watapata wa kulaumu, nao watarudi kwao wakijiona safi. Else akisimama peke yake, twajikuta sisi ndio tulioketi katika kiti cha Dorsday. Kwa hiyo sioni haja ya mchezaji kuvua nguo kweli. Wakimvua, watakuwa wametuuzia sharti lile lile kwa bei ya tikiti.

Wahenga walinena, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi makarani, ambao wengi wetu twashika fedha za watu, tukumbuke ya kuwa msiba huu haukuanza hotelini; ulianza katika kasha la amana. Mkono ukiingia humo, alipaye huenda si mwenye mkono, bali ni yule aliye nyumbani ambaye hakuulizwa.

Wasalaam,
Mimi Mwanachama